Sukuma wiki, kunde na mkate wa mahindi: kupika mlo wa Jumapili wa kusini mwa Marekani

Mara ya kwanza nilipomwona mtu akichemsha sukuma wiki kwa saa nzima na nusu, nilidhani ameisahau jikoni. Ilikuwa South Carolina, nyumbani kwa bibi mmoja aliyenipangisha chumba, Jumapili asubuhi kabla hajaenda kanisani. Sufuria kubwa, moto mdogo, harufu ya moshi na siki imejaa nyumba nzima. Nikamwuliza kama nizime jiko. Akasema, "Acha, mwanangu. Hiyo bado."

Nilikaa kwake miaka mitatu. Ninachoandika hapa ni mlo mmoja kamili wa Jumapili, kama alivyoupika yeye na kama familia nyingi za huko zinavyoupika: mboga ya majani iliyochemshwa na nyama ya moshi, wali wa kunde, mkate wa mahindi na bamia za kukaanga. Unawatosha watu sita hadi wanane. Unapikika Tanga, Kisumu, Bukavu hata Muscat, kwa sababu karibu kila kilichomo unakijua tayari. Ugeni wake uko kwenye muda na mpangilio, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Vyakula hivi kufanana na vyetu kuna sababu yake. Kunde na bamia ni mimea ya Afrika, ikavuka Atlantiki wakati wa biashara ya watumwa. Mchuzi mashuhuri wa Louisiana uitwao gumbo umechukua jina kutoka kwenye neno la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola. Karanga nazo wazee wa huko huziita goober, na msomaji wangu wa Kongo atalitambua neno hilo mara moja: ni nguba. Mpunga wa pwani ya Carolina ulistawi kwa ujuzi na jasho la watu waliotekwa kutoka nchi za mpunga, Senegal, Gambia na Sierra Leone, na wazao wao, Wagullah Geechee, wapo mpaka leo kwenye visiwa na pwani ya South Carolina na Georgia. Mahindi ni ya wenyeji wenyewe, Wacherokee, Wamuscogee, Wachoctaw na wengine, waliokuwa wakiyalima kabla ya meli yoyote kutia nanga. Kwa hiyo ukipika mlo huu unapika kitu cha watu waliotenda kazi kubwa jikoni na kwa miaka mingi hawakuandikwa majina. Nakuomba uupike kwa adabu hiyo.

Usiku wa kuamkia

Kazi ya usiku ni ndogo. Chagua kunde kavu kikombe kimoja na nusu, zile nyeupe zenye jicho jeusi, toa mawe na zilizotobolewa na wadudu, osha, loweka kwenye maji mengi. Wasomaji wa Kenya mnisikilize: nasema mbegu, si majani ya kunde. Kunde haihitaji kulowekwa kama maharage, ukisahau utaziongezea dakika ishirini tu motoni. Ila zilizolowekwa huiva sawasawa bila kupasuka, na katika wali huu tunataka kunde nzima.

Jambo la pili ni nyama ya moshi. Desturi ya zamani huko ni mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, lakini familia nyingi za Wamarekani weusi siku hizi hutumia mabawa au shingo za bata mzinga, na bibi yangu alikuwa mmojawapo. Aliye Marekani atazikuta kwenye duka lolote kubwa la vyakula. Aliye kwetu, au asiyekula nguruwe, atengeneze yake: chukua mbavu za ng'ombe au za mbuzi gramu 800, zipake chumvi kijiko kimoja cha chakula na pilipili manga, zilaze usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi washa mkaa kidogo upande mmoja wa jiko la kubanikia, tupia juu ya makaa vipande viwili vya kuni kavu ya mwembe au mpera, weka mbavu upande usio na moto, funika. Saa moja na nusu zinatosha. Huzipiki ziive, unazipa moshi tu. Usitumie vipande vya mbao za fundi seremala, maana hujui vimepakwa dawa gani.

Supu kwanza

Mlo huu wote unaanza na sufuria moja ya supu, na ukiielewa hiyo umemaliza nusu ya kazi. Mimi huanza saa tatu asubuhi ili tule saa saba mchana.

Weka nyama ya moshi kwenye sufuria kubwa, tia maji lita 4, kitunguu maji kikubwa kimoja kilichokatwa mara nne, punje tano za kitunguu saumu zilizopondwa kidogo, na pilipili kavu mbili nzima. Chumvi usitie, kwa sababu nyama imekwisha kuwa nayo na huwezi kujua itatoa kiasi gani. Ikianza kuchemka, engua povu, punguza moto hadi itokote taratibu, funika ukiacha upenyo. Baada ya saa moja na robo, supu itakuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea na nyama itaanza kuachia mfupa.

Sasa chota lita moja na nusu ya supu hiyo uiweke pembeni kwa ajili ya kunde. Iliyobaki pamoja na nyama ni ya mboga.

Mboga ya majani

Mboga yenyewe huko huitwa collards, na ni ndugu wa damu wa sukuma wiki: kabichi isiyofunga kichwa. Kama uko Nairobi au Arusha, usinunue majani machanga laini. Mwambie mama wa sokoni akupe yale makubwa ya chini kwenye shina, mazito, ambayo wanunuzi wengine wanayakataa. Kilo moja na nusu inaonekana nyingi ajabu ikiwa mbichi. Itasinyaa hadi robo.

Kuosha ni kazi ya kweli, na bibi hakumwachia mtu asiyemwamini. Jaza beseni maji, zamisha majani, yasukesuke, yatoe kwa kuyainua, usimwage maji juu yake, la sivyo mchanga unarudi palepale. Kisha pitisha vidole chini ya beseni. Ukisikia chembe hata moja, badilisha maji urudie. Kwa kawaida ni mara tatu. Mwaka mmoja nilimhakikishia kwamba mbili zimetosha. Hakunijibu, alipitisha kidole chake chini ya beseni, akanionyesha.

Kuchambua: shika shina la jani kwa mkono wa kushoto, kunja jani lifumbe kama kitabu, halafu vuta kwa mkono wa kulia kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha. Uti mgumu unabaki mkononi. Panga majani sita saba, yakunje pamoja kama mkeka, kata vipande vya upana wa vidole viwili. Wale waliozoea kukata sukuma nyembamba kama uzi, hapa wasifanye hivyo. Mboga inayopikwa muda mrefu ikikatwa nyembamba inakuwa uji.

Tia majani kwenye supu kwa mafungu. Fungu la kwanza likinywea, tia la pili. Yote yakiingia, ongeza siki vijiko viwili vya chakula, sukari nusu kijiko cha chai kama ukipenda, na maji ya moto ikiwa majani hayajafunikwa. Moto mdogo, mfuniko juu. Baada ya dakika 45 onja jani moja. Likiwa bado linakatika kwa meno kama ngozi, endelea. Majani mazee yanataka saa moja na nusu kamili.

Najua unachowaza, kwa sababu nilikiwaza pia. Sisi tumefundishwa sukuma iive dakika tano, ibaki kijani kibichi, na anayeizidisha ni mpishi mbaya. Kwa majani yetu machanga ya kukaanga na nyanya, hiyo ni sahihi. Lakini hapa unapika kitu kingine. Jani linaachia nguvu yake kwenye supu na supu inarudisha moshi na utamu kwenye jani, na huo ubadilishanaji hauharakishwi. Rangi itakuwa ya kijani cha zeituni iliyoiva. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nyama itoe, ichambue, mifupa itupe, minofu irudishe sufuriani. Sasa ndipo unaonja chumvi.

Na ile supu ya kijani iliyobaki chini ina jina lake huko, pot likker, na ina heshima yake. Mimi siku ya kwanza niliibeba sufuria kwenda kwenye sinki ili nichuje mboga, na bibi alinyanyuka kwenye kiti kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Usimwage!" Alichukua kikombe cha chai, akakijaza supu ile, akanipa ninywe nikiwa nimesimama. Ilikuwa na chumvi, uchachu wa siki kwa mbali, moshi, na chini yake uchungu mdogo wa majani. Tangu siku hiyo nachuja kwa kijiko chenye matundu, na supu inaingia kwenye mtungi wake mezani. Mwaka 1931 Huey Long, mwanasiasa wa Louisiana, na mhariri wa gazeti moja la Atlanta walibishana hadharani kwa majuma kadhaa kuhusu supu hii: je, mkate wa mahindi uchovywe au uvunjwevunjwe ndani yake? Long alikuwa upande wa kuchovya. Mimi navunja, kwa sababu hivyo ndivyo bibi alivyofanya.

Wali wa kunde

Huu unaitwa Hoppin' John, na ndio unaoliwa Mwaka Mpya. Siku hiyo kunde huhesabiwa kuwa sarafu, mboga ya majani ni noti, na mkate wa mahindi ni dhahabu. Nyumba nyingi hazianzi mwaka bila sahani hiyo. Maelekezo yake yalichapishwa katika kitabu cha mapishi huko Charleston mwaka 1847, na yalitaka kunde nyekundu na mchele kwa kipimo sawa. Bibi alizidisha mchele kidogo, nami nimemfuata.

Mwaga maji ya kuloweka. Chemsha kunde ndani ya ile lita moja na nusu ya supu, moto wa wastani, kwa dakika 35 hadi 50. Zichunguze mapema: chukua punje moja, ibonyeze kwa kidole gumba juu ya sahani. Ikibonyea bila kuvurugika, zima. Chuja, na supu yake usiimwage, pima vikombe vinne. Ikipungua ongeza maji.

Katika sufuria nzito kaanga kitunguu maji kimoja na pilipili hoho moja iliyokatwa ndogo, kwa vijiko viwili vya mafuta, mpaka kitunguu kiwe laini bila kubadilika rangi. Tia mchele mrefu vikombe viwili uliokwisha kuoshwa na kuchujwa, ugeuzegeuze dakika mbili upate mafuta. Mimina supu, onja chumvi sasa, maana baadaye umechelewa. Ukichemka, tia kunde, geuza mara moja tu, funika, punguza moto kabisa. Kuanzia hapa ni kama wali wako wa kila siku: dakika 18 hadi 20, na anayetumia mkaa apalie makaa machache juu ya mfuniko. Ukiiva uache umefunikwa dakika kumi kabla ya kuugusa kwa uma.

Mtu wa pwani ataniuliza: tui la nazi liko wapi? Wali wetu wa kunde na nazi ni mzuri na sitaugusa. Ila ukitia nazi humu umeua moshi, na moshi ndio wenye wali huu.

Mkate wa mahindi

Nimeupika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote hapa, na ndio uliokosea mara nyingi kuliko vingine, kwa hiyo nitakaa juu yake.

Unga kwanza. Jadi ya sehemu nyingi za kusini ni mahindi meupe, kama yetu. Lakini sembe yetu iliyokobolewa ni laini mno, hutoa mkate unaoshikana kama ugali baridi. Tumia dona, na iwe mpya. Dona ina mafuta ya kiini cha mahindi, ikikaa miezi inachacha, na mkate hauna pa kuuficha uchachu huo. Inuse kabla hujapima. Ukiwa huna ila sembe, ichanganye na mtindi uiache dakika kumi na tano inywe kabla ya kuendelea. Itasaidia, japo haitakuwa sawa na dona.

Changanya kavu: dona vikombe viwili, chumvi kijiko kimoja cha chai, beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, beking soda nusu kijiko cha chai. Changanya vya majimaji: mtindi kikombe kimoja na robo tatu, mayai mawili. Huko hutumia maziwa yaliyobaki baada ya kusukwa siagi, na mtindi au maziwa mala yanakaa mahali pake vizuri kabisa. Mtindi wetu ukiwa mzito sana upunguze kwa maziwa. Uchachu wake ndio unaoamsha beking soda, kwa hiyo usibadilishe na maziwa matamu peke yake. Ukishavichanganya vyote pamoja, rojo liwe la kumiminika, kama uji mzito wa asubuhi. Likisimama kwenye kijiko, ongeza maziwa.

Sukari? Kuna nyumba zinazotia na nyumba ambazo ukitia umewatukana. Bibi hakutia. Wapo jirani zake, mtaa uleule, waliotia vijiko vitatu na mikate yao ilikuwa mizuri. Naomba upike mara ya kwanza bila sukari, ule na mboga, usikie utamu wa mahindi yenyewe. Ukiona hautoshi, mara ya pili tia kijiko kimoja.

Sasa kikaango. Huko ni cha chuma kizito, cheusi, kipana sentimita 25 hivi, mara nyingi cha kurithi. Cha bibi kilikuwa cha mama yake, na sehemu ya katikati ilikuwa imelainika kama kokoto ya mtoni. Washa oveni nyuzi 220 za Selsiasi, weka mafuta vijiko vitatu vya chakula ndani ya kikaango, kiingize kwenye oveni kikiwa na mafuta yake, kikae dakika kumi. Hapa ndipo siri ilipo. Kikaango kisipokuwa cha moto sana, mkate utashika chini na hautapata ukoko.

Kitoe kwa kitambaa kizito kikavu. Zungusha mafuta yapande kingo. Mimina nusu ya mafuta hayo ya moto ndani ya rojo, koroga haraka, halafu mimina rojo lote kikaangoni. Lazima lilie. Ukingoni rojo litajikunja na kugeuka rangi mbele ya macho yako, na harufu ya mahindi ya kuchoma itapanda. Lisipolia, kikaango hakikuwa tayari. Huna la kufanya safari hii, endelea, lakini mara ijayo ongeza dakika tano.

Rudisha kwenye oveni dakika 20 hadi 25, mpaka juu pawe na rangi ya kahawia ya dhahabu na katikati parudi ukipabonyeza. Toa, subiri dakika tano, funika kikaango kwa sahani, pindua. Ukoko sasa uko juu. Kata kama vipande vya pai.

Asiye na oveni atumie sufuria nzito juu ya mkaa, kwa namna ileile ya mkate wa kumimina: pasha mafuta vizuri, mimina, funika, kisha ondoa makaa mengi chini uyaweke juu ya mfuniko. Chini yabaki machache tu. Baada ya dakika 25 funua uangalie.

Neno moja kuhusu mahindi na afya. Wenyeji wa huko waliyachemsha mahindi kwa maji ya majivu kabla ya kuyatumia, na hilo huachilia vitamini ambayo vinginevyo mwili hauipati. Walowezi walichukua mahindi, na wengi wao hawakuendelea na majivu. Mwanzoni mwa karne ya 20 maskini wengi wa kusini waliishi kwa unga wa mahindi, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe, wakashikwa na ugonjwa wa ngozi na akili uitwao pelagra. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alionyesha kwamba chanzo ni chakula, wala si vijidudu. Kwa hiyo mboga, kunde na mtindi vilivyo kwenye mlo huu visiachwe ukabakiza mkate peke yake, hata mkate ukiwa mtamu namna gani.

Bamia

Hizi ni za mwisho, wakati mkate uko kwenye oveni. Bamia changa gramu 500, zisizozidi urefu wa kidole. Osha, kausha kwa kitambaa kabisa, ndipo ukate vipande vya sentimita moja. Maji ndiyo yanayoamsha ule mlenda. Nyunyizia chumvi na kijiko kimoja cha mtindi, zigeuze, kisha zibingirishe kwenye dona nusu kikombe yenye pilipili manga. Kaanga kwa mafuta ya moto ya kina cha kidole, kwa mafungu madogo, dakika nne au tano. Ukizijaza zote kwa pamoja, mafuta yanapoa na bamia zinajichemsha. Ziliwe zikiwa bado moto, maana hazingoji mtu.

Kinywaji ni chai ya rangi iliyotiwa sukari nyingi ikiwa moto, ikapozwa kwa barafu. Robo tatu kikombe cha sukari kwa lita mbili, na hata hivyo utaambiwa umebania.

Pishi la mtu mzima linavyoandikwa

Bibi alikuwa na kasha la bati lenye kadi za mapishi zilizoandikwa na mama yake kwa wino wa bluu. Nyingine zimeingia mafuta mpaka maandishi yanasomeka upande wa pili. Kadi ya mkate wa mahindi ilikuwa na mistari mitano: unga, maziwa, mayai, chumvi, mafuta ya moto. Hapakuwa na kipimo hata kimoja. Mama yake hakuvihitaji, na binti yake aliyekua ubavuni pake hakuvihitaji. Mimi nilivihitaji, na watoto wako watavihitaji.

Upishi wa kusini umejaa wapishi waliopika bila kuandika. Abby Fisher alizaliwa utumwani South Carolina, hakujua kusoma wala kuandika, lakini mwaka 1881 huko San Francisco alisema mapishi yake kwa mdomo, wengine wakayaandika, yakawa kitabu. Edna Lewis, aliyezaliwa mwaka 1916 Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, akiwemo babu yake, alieleza jinsi kwao beking pauda ilivyopimwa juu ya sarafu, na jinsi mpishi alivyotega sikio kwenye keki kujua kama imeiva. Kumbe vipimo vilikuwepo, ila viliishi kwenye sarafu na sikioni.

Kwa hiyo ukienda kwa bibi yako, awe Lamu au Songea, usimwulize anatia chumvi kiasi gani. Atakujibu ya kutosha, na hakudanganyi. Nenda na mzani mdogo wa jikoni. Pima kopo la unga kabla hajaanza, lipime tena akimaliza, tofauti ndiyo kipimo chake. Akitaka kutia chumvi, mwombe aitie kwanza kwenye kisahani kilicho juu ya mzani. Kikombe chake kisicho na mkono kijaze maji, uyapime maji hayo kwa mililita. Muda wa saa uandike, lakini uandike pia alichokiangalia kabla ya kugeuza, alichokinusa, alichokisikia. Mwulize nani alimfundisha, na hiyo nayo iandike kwenye karatasi ileile.

Halafu rudi siku nyingine upike wewe, yeye akiwa amekaa. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayofichua ulichokosa kuandika. Mimi nilipika mboga yake yote peke yangu Jumapili moja ya Novemba, kwa kufuata daftari langu, gramu kwa gramu. Nikamwekea supu kwenye kikombe kilekile cha chai. Akapuliza, akanywa, akafumba macho kidogo. Kisha akanyoosha mkono bila kusema neno, akaashiria chupa ya siki. Nikafungua daftari, nikafuta kijiko kimoja nilichokuwa nimeandika, nikaandika viwili.